Ukurasa Mmoja, Skroli Moja: Hotuba kwa Watengenezaji wa Mifumo ya Wavuti

Ndugu zangu waandika programu, wabunifu wa kurasa, na nyinyi mnaosimamia miradi na kupokea malalamiko ya watumiaji, habari za asubuhi.

Jambo lililonileta mbele yenu halitajwi kwa jina na wale wanaoumia nalo. Hakuna karani atakayepiga simu aseme, "Paneli yenu ina skroli ndani ya skroli," yaani eneo linalosogezwa likiwa ndani ya jingine linalosogezwa. Atasema mfumo umekwama. Atasema ukurasa haushuki. Atasema kitufe cha kuhifadhi kimepotea. Yule wa dawati la msaada anaufungua mfumo huohuo kwenye skrini yake kubwa, anakiona kitufe, anajibu kwamba kwake kipo, na lalamiko linafungwa. Kumbe kitufe kipo pikseli 40 chini ya ukingo wa skrini ya karani, mahali ambapo gurudumu la kipanya halifiki wala kidole hakifiki. Karani ana foleni mbele yake, na kosa lililomkwamisha ni mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ambao mmoja wetu aliuandika kwa haraka.

Chukueni umbo tunalolijenga kila siku: menyu upande wa kushoto, orodha katikati, maelezo ya rekodi upande wa kulia, na juu yake upau wenye jina la mfumo. Ndilo umbo la barua pepe, la stoo ya dawa, la daftari la wanafunzi, la kumbukumbu za wagonjwa. Mbunifu amelichora kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 na limependeza. Sasa lipelekeni kwenye laptopu ya 1366 kwa 768, ambayo Windows yake imekuzwa hadi asilimia 125 ili maandishi yasomeke. Kwa vipimo vya CSS, skrini hiyo ni 1093 kwa 614. Upau wa kazi wa Windows, vichupo vya kivinjari na upau wa anwani vinakula takriban 160. Zinabaki kama 450 za kimo. Kichwa cha mfumo kikichukua 64, vichupo vya rekodi 48, na upau wa vitufe uliogandishwa chini 56, zimesalia 282. Jedwali lenye mistari ya pikseli 48 litaonyesha mistari 5 kamili, basi. Kwa upana, menyu ya 240 na orodha ya 320 zikiondoka, maelezo yanabakiwa na 533, na humo ndani mchoro unataka fomu ya safu mbili.

Hesabu hiyo ifanyeni kabla ya kuandika msimbo wowote. Inachukua dakika 5 na karatasi.

Tena si tatizo geni. Katikati ya miaka ya 1990 Netscape ilileta fremu: ukurasa mmoja uliokatwa vipande, kila kipande na skroli yake. Desemba 1996 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alieleza hadharani madhara yake: anwani haikuonyesha tena mahali mtu alipo, alamisho ilimrudisha mwanzo badala ya pale alipokuwa, na uchapishaji ulivurugika. Baadaye HTML5 ilizitangaza fremu kuwa zimepitwa na wakati. Tumeziacha, lakini paneli zetu zimerudisha karibu kila kasoro ya fremu, safari hii kwa div, vile visanduku vya HTML, na JavaScript.

Sababu yake ni hii. Ukurasa ukiskroli wenyewe, kivinjari kinafanya kazi nyingi bila kuombwa. Kitufe cha nafasi na Page Down vinashusha ukurasa, Home na End vinaupeleka mwanzo na mwisho, hata kama mtumiaji hajabofya popote. Akifungua kiungo kisha akarudi nyuma, anarejeshwa palepale alipokuwa. Kwenye simu upau wa anwani unajikunja kumwongezea nafasi. Kwenye iPhone, kugusa ukingo wa juu wa skrini kunamrudisha mwanzo. Akichapisha, ukurasa wote unatoka. Ukiitoa skroli kwenye ukurasa ukaiweka ndani ya div, kazi hizo zote umezichukua mikononi mwako. Kila moja utailipa wewe kwa msimbo wako, au mtumiaji atailipa kwa muda wake.

Kwa hiyo ninasimamia jambo moja: skroli kuu iwe moja. Paneli ya pili ipewe skroli yake pale tu mtumiaji anapohitaji kuona vitu viwili kwa wakati mmoja na vyote viwili ni virefu. Orodha ya wagonjwa na maelezo ya mgonjwa vinafaulu kipimo hicho. Menyu yenye vipengele 9 haifaulu. Kadi ya mistari 6 kwenye dashibodi haifaulu, iache irefuke. Kisanduku cha masharti chenye kimo cha pikseli 120 na aya 30 ndani yake hakifaulu hata kidogo, kwa maana kimejengwa ili kisisomwe.

Haya, tuingie kwenye ufundi, kwa sababu skroli mbili mara nyingi hazikuamuliwa na mtu. Zimejitokeza zenyewe.

Mwenye haraka huandika gamba la mfumo, kile kisanduku cha nje kinachobeba paneli, kwa `height: 100vh`, yaani kimo cha skrini nzima, kisha anaweka kichwa cha pikseli 64 nje ya gamba. Jumla ni skrini nzima na 64 zaidi, na ukurasa unapata upau wa kusogeza wa nje unaosogea 64 tu. Mtumiaji anazungusha gurudumu, orodha inafika mwisho, halafu ukurasa mzima unaruka kidogo na kichwa kinapotea. Dawa yake ni gridi moja inayobeba vyote: gamba liwe na kimo cha skrini, na mistari yake ya mlalo iwe `grid-template-rows: auto minmax(0, 1fr)`. Kichwa kinachukua kinachohitaji, kilichobaki kinakwenda kwa paneli.

Hilo `minmax(0, 1fr)` msilipite. Kwa kawaida mtoto wa flex, yaani elementi iliyo ndani ya mpangilio wa flex wa CSS, hakubali kupungua chini ya ukubwa wa yaliyomo ndani yake. Kimo chake cha chini ni `auto`. Kwa gridi, `1fr` peke yake ina tabia hiyohiyo. Ukiiambia paneli `overflow: auto`, yaani iskroli yaliyomo yakizidi, huku mzazi wake akiwa na tabia hiyo, paneli haiskroli, inarefuka na kumsukuma mzazi nje ya skrini. Lazima uandike `min-height: 0` kwa kila ngazi, kuanzia gamba hadi paneli yenyewe. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuiandika kwenye ngazi ya mwisho peke yake. Mnyororo ukiwa na ngazi 4 na moja ikaachwa, ni kana kwamba hukuandika kitu. Kwa upana hadithi ni ileile, na dawa ni `min-width: 0`.

Sasa angalieni linalofuata, maana hapa ndipo kitufe cha kuhifadhi kinapozikwa. Mwandishi anaona upau wa pili wa kusogeza kwenye skrini yake, hajui umetoka wapi, anaandika `overflow: hidden` kwenye gamba la nje. Upau unatoweka. Anafunga kazi. Lakini yaliyomo bado yamezidi skrini, ila sasa hayana njia ya kufikiwa. Kwenye skrini ndefu hakuna kinachoonekana kuharibika. Kwenye laptopu ile ya kimo cha 450, sehemu ya chini ya fomu imekatwa, na kitufe kimo humo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkiona `overflow: hidden` kwenye body au kwenye gamba wakati wa kukagua msimbo wa mwenzenu, simamisheni, muulize imewekwa kuficha nini.

Ina madhara mengine mawili. Ukiandika `overflow-x: hidden` peke yake, upande wa wima unageuka kuwa `auto` bila kukuambia, na div hiyo inakuwa eneo la skroli. Halafu kichwa cha jedwali ulichokipa `position: sticky` kinaacha kuganda, kwa sababu sasa kinashikamana na eneo hilo jipya ambalo halisogei. Watu hupoteza nusu siku wakitafuta kosa kwenye kichwa cha jedwali na kosa liko kwa babu yake. Kama unataka tu kukata kinachozidi, tumia `overflow: clip`, haifanyi eneo la skroli, na vivinjari vyote vikuu vinaielewa tangu 2022.

Chanzo cha upau wa kusogeza wa mlalo, ambao watu huuficha kwa `overflow-x: hidden`, mara nyingi ni `100vw`, yaani upana wa skrini nzima, ambayo kwenye Windows inahesabu hadi upana wa upau wa kusogeza wenyewe, yaani pikseli 15 hadi 17. Andika `100%`. Chanzo kingine kinatuhusu sisi moja kwa moja: tafsiri. Lebo za Kiswahili aghalabu ni ndefu kuliko za Kiingereza, na menyu ya 240 iliyopimwa kwa Kiingereza inazidiwa na "Mipangilio ya malipo ya wasambazaji". Acheni lebo ishuke mstari wa pili. Usiikate kwa nukta tatu, kwani neno linalotofautisha kipengele na kingine kwetu huwa mwishoni.

Kwenye simu, `100vh` ni kimo cha skrini upau wa anwani ukiwa umejikunja. Ukurasa unapofunguka upau huo haujajikunja, hivyo chini kumezidi na vitufe vya chini vimefunikwa. Tangu mwisho wa 2022 vivinjari vikuu vyote vinaelewa `dvh`, kipimo kinachofuata kimo kilichopo sasa hivi. Andikeni `height: 100vh` kwanza kwa ajili ya simu za zamani, kisha mstari wa chini yake `height: 100dvh`. Kuna la kibodi pia. Tangu Chrome 108, kibodi ya Android ikifunguka haipunguzi tena mpangilio wa ukurasa; inaufunika, kama ilivyokuwa kwenye iPhone. Kitufe kilichogandishwa chini kinabaki nyuma ya kibodi. Kwa Chrome unaweza kuongeza `interactive-widget=resizes-content` kwenye meta ya viewport. Kwa vingine, njia salama ni kutogandisha kitufe: kiweke mwisho wa fomu, ndani ya mtiririko, ukurasa uskroli wenyewe hadi hapo.

Paneli ikifika mwisho na mtumiaji akaendelea kuzungusha gurudumu, mwendo unahamia kwa mzazi. Kwenye orodha ndefu anajikuta amesogeza ukurasa wa nyuma, na kwenye simu anaweza kuuvuta ukurasa ukajipakia upya, fomu aliyoijaza ikafutika. `overscroll-behavior: contain` inazuia hilo, na Safari nayo inaielewa tangu toleo la 16, mwaka 2022. Iwekeni kwenye kidirisha ibukizi, kwenye menyu inayotoka pembeni, na kwenye orodha kuu. Lakini msiitapanye kila mahali. Kisanduku kidogo kinachoskroli katikati ya ukurasa mrefu, kikipewa `contain`, kinakuwa mtego: kidole kikitua juu yake ukurasa haushuki, na mtu anadhani simu imeganda. Ramani iliyopachikwa ina mtego wa namna hiyo. Google Maps ina mpangilio unaoitwa `cooperative`, unaotaka vidole viwili kusogeza ramani, au Ctrl pamoja na gurudumu kuikuza. Uwasheni.

Na hili la namba naliomba kwa msisitizo kwa wote wanaojenga mifumo ya malipo. Kwenye baadhi ya vivinjari, kisanduku cha `type="number"` kilichobofywa hubadilisha namba gurudumu likizungushwa juu yake. Karani ameandika 15000, anataka kushuka kwenye fomu, na namba imekuwa 14997 bila yeye kuona. Kwa fedha na kwa dozi za dawa tumieni `type="text"` pamoja na `inputmode="decimal"`. Kibodi ya namba itatokea kwenye simu vilevile, na gurudumu halitagusa kitu.

Tangu Apple ilipoficha pau za kusogeza kwenye Mac OS X Lion mwaka 2011, kama simu zilivyokuwa zikifanya tayari, wabunifu wengi wanachora kurasa bila kuuona upau. Matokeo ni mawili. La kwanza, kwenye Windows upau unaojitokeza unasukuma yaliyomo kushoto, na orodha ikipungua unaondoka na yanarudi kulia. Mtumiaji akichuja orodha kila kitu kinacheza. `scrollbar-gutter: stable` inatenga nafasi hiyo tangu mwanzo. La pili ni zito zaidi: pasipo na upau, mtu hana habari kwamba kuna yaliyobaki. Mstari wa mwisho ukiishia sawasawa na ukingo wa paneli, anaamini orodha imekwisha. Pangeni kimo ili mstari wa mwisho ukatike katikati, au wekeni kivuli ukingoni, na juu ya orodha andikeni wazi: "Mistari 1–5 kati ya 48". Maandishi hayo yanamsaidia hata asiyeona kivuli. Upau wenyewe msiufiche kwa `scrollbar-width: none`, wala msiupunguze ukawa uzi wa pikseli 4, mwenye mkono unaotetemeka hawezi kuukamata.

Nakuja kwenye kutembea kati ya paneli, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye skrini ya upana wa 360, paneli tatu zinakuwa hatua tatu: menyu, orodha, maelezo. Mtumiaji wa Android ameshazoea kurudi nyuma kwa kitufe au kwa kutelezesha kidole. Kama kufungua rekodi hakukuongeza hatua kwenye historia ya kivinjari, kurudi nyuma kunamtoa nje ya mfumo mzima. Kwa hiyo kufungua rekodi ni `pushState`, inayoongeza hatua kwenye historia, na anwani inabadilika: `/dawa/1042`. Kushuka kwenye orodha kwa mishale ya kibodi, pale maelezo yanapobadilika yenyewe kila mstari, ni `replaceState`, inayobadilisha hatua iliyopo bila kuongeza nyingine. Vinginevyo mtu aliyepita mistari 30 atabonyeza kurudi mara 30. Vichupo ndani ya rekodi na kichujio cha utafutaji navyo viwe kwenye anwani, kama `?kichupo=historia`, kwa `replaceState`. Kitufe cha kufunga paneli, ile alama ya X, kifanye kazi ileile ya kurudi nyuma kama mtu ametokea kwenye orodha. Kikiongeza hatua mpya kwenye historia badala ya kurudi, mtumiaji akibonyeza kurudi paneli inafunguka tena, naye anazunguka humo bila kutoka.

Nafasi ya skroli ya paneli ni juu yenu, kwa sababu kivinjari kinaitunza ya ukurasa, ya div hakitunzi. Mtu ameshuka hadi mstari wa 40, amefungua, amerudi, na yuko mstari wa 1. Akikagua rekodi 60 kwa siku ameskroli mara 60 bure. Hifadhini nafasi kwenye `sessionStorage`, hifadhi ya muda ya kivinjari, kwa ufunguo wa hatua ya historia, na mrejeshe baada ya data kufika. Mkiweka `scrollTop`, yaani pikseli ambazo paneli imeshuka, orodha ikiwa bado tupu, thamani inakatwa na kuwa sifuri, na mtabaki mkijiuliza kwa nini msimbo sahihi haufanyi kazi. Bora zaidi ni kuhifadhi kitambulisho cha mstari wa juu unaoonekana pamoja na pikseli zilizozidi, kwa sababu rekodi mpya zikiingia juu ya orodha, namba tupu ya pikseli inaelekeza mstari mwingine.

Upande wa maelezo kuna kosa la kinyume, na ni la hatari. Maktaba kama React hutumia tena elementi ileile rekodi inapobadilika. Nafasi ya skroli ya rekodi A inabaki, na rekodi B inafunguka ikiwa imeshuka hadi katikati. Kwenye mfumo wa hospitali maana yake ni kwamba muuguzi anaangalia orodha ya dawa za mgonjwa mpya huku jina la mgonjwa likiwa juu, halionekani. Fanyeni mawili, yote mawili: rudisheni `scrollTop` kuwa 0 kila kitambulisho cha rekodi kinapobadilika, na gandisheni juu ya paneli mstari mmoja mwembamba wenye jina, namba ya faili na umri. Pikseli 40 za mstari huo ni nafasi iliyotumika vizuri kuliko nembo ya taasisi.

Mkitumia `scrollIntoView` kuonyesha mstari uliochaguliwa, jueni kwamba inasogeza wazazi wote wanaoskroli, na pamoja nao ukurasa wenyewe. Ipeni `block: 'nearest'`, isogeze pale tu inapobidi.

Kibodi. Paneli yenye maandishi matupu, isiyo na kiungo wala kitufe ndani, haifikiki kwa Tab kwenye baadhi ya vivinjari. Firefox inaifikia tangu zamani, Chrome tangu toleo la 130 la mwaka 2024, lakini msitegemee hilo: andikeni `tabindex="0"`, `role="region"` na `aria-label` yenye jina la kueleweka, kama "Historia ya matibabu". Kwenye simu, rekodi ikifunguka fokasi, yaani mahali kibodi inapoelekezwa, iende kwenye kichwa chake. Ikifungwa irudi kwenye mstari uleule wa orodha. Kwenye skrini pana mtu akiwa anashuka kwa mishale, fokasi ibaki kwenye orodha, la sivyo mshale wa pili hautafanya kazi. Kichwa kilichogandishwa kinafunika kile ambacho Tab imekifikia. Mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kimataifa wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti, uliotoka Oktoba 2023, unakataza kitu chenye fokasi kufunikwa chote. `scroll-padding-top` yenye kimo cha kichwa, tuseme 64px, inalimaliza hilo.

Mwongozo huohuo unataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia nyingine isiyo ya kuburuta. Mstari unaotenganisha paneli unahusika. Uonekane kwa pikseli 1 kama mnapenda, lakini eneo lake la kukamatwa liwe 24. Upeni `role="separator"` wenye fokasi na `aria-valuenow`; mishale ibadilishe upana, Enter ikunje paneli. Kwa asiyetumia kibodi wala kuburuta, wekeni kitufe cha kukunja na kukunjua. Upana uliochaguliwa huhifadhiwa, lakini ukisomwa upimwe upya dhidi ya skrini iliyopo: aliyeweka 900 kwenye skrini kubwa ya ofisini, akifungua nyumbani kwenye laptopu, paneli moja inameza nyingine na mstari wa kuburuta uko nje ya skrini.

Orodha isiyo na mwisho, inayojiongeza kadiri unavyoshuka, siipendekezi kwa mifumo ya kazi. Kijachini hakifikiki. Mtu hajui yuko wapi. Picha zinajipakia bila kuombwa na bando linaisha. Kitufe cha "Onyesha 50 zaidi" kinatosha. Mbinu ya kuchora mistari inayoonekana tu ina maana mkifika maelfu ya mistari, lakini inaua Ctrl+F, kwa sababu kivinjari hakitafuti kisichokuwepo kwenye ukurasa. Kabla ya kuifikia jaribuni `content-visibility: auto`, inapunguza kazi ya kuchora na utafutaji unaendelea kufanya kazi.

Jedwali pana linastahili eneo lake la skroli. Likiachwa refu, upau wa mlalo unakaa chini ya mstari wa 200, na mtu analazimika kushuka hadi huko ili aone safu ya nane, kisha apande tena. Lipeni kimo kisichozidi skrini, gandisheni kichwa na safu ya kwanza. Kwenye simu, safu iliyogandishwa isizidi theluthi ya upana, yaani 120 kwenye skrini ya 360.

Uchapishaji huwa unasahaulika hadi siku ya ripoti ya mwezi. Paneli yenye kimo maalumu inachapisha kinachoonekana tu, kilichobaki kinakatwa. Ndani ya `@media print`, gamba na paneli zote zirudishwe `height: auto` na `overflow: visible`, menyu ifichwe.

Kabla ya kukabidhi mfumo, chomoeni kipanya mkamilishe rekodi moja kwa kibodi. Kuzeni ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha la upana wa 1280, ambalo linakuwa 320: kwa WCAG 2.1 ya mwaka 2018, yaliyomo yasomeke bila kuskroli pande mbili, isipokuwa vitu kama jedwali na ramani. Fungueni fomu kwenye simu halisi, kibodi ikiwa wazi. Fungueni mstari wa 40, mrudi, mwone mko wapi. Halafu bandikeni msimbo huu kwenye konsoli:

`[...document.querySelectorAll('*')].filter(e => e.scrollHeight > e.clientHeight && /auto|scroll/.test(getComputedStyle(e).overflowY))`

Utawaorodheshea kila eneo linaloskroli kwa wima ndani ya ukurasa wakati huo. Kwenye simu, orodha hiyo iwe tupu au na kimoja. Kwenye skrini pana, viwili, kwa shida vitatu. Kila kinachozidi, mtafuteni aliyekiweka awaambie ni kazi gani ya mtumiaji iliyokidai. Mkikuta hakuna aliyekiweka, rudini kwenye mnyororo wa `min-height: 0`, mwanzie ngazi ya juu kabisa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni maswali.